Kura Chini ya Sanda

Siku bahasha za kura zilipoingia nyumba kwa nyumba, Mzee Hafidh alipiga hodi baada ya Alasiri, na Bi Mwanamwema alijua kilichomleta kabla hajaondoa mnyororo mlangoni. Kila uchaguzi ilikuwa hivyo hivyo. Mzee Hafidh anakuja na kalamu mfukoni, anavua viatu, anakaa kwenye kiti alichokuwa akikaa marehemu mumewe Asad, anauliza hali za watoto, anakunywa chai ya maziwa vikombe viwili, halafu anasema, "Haya shemeji, zile karatasi."

Na karatasi hutolewa. Bi Mwanamwema hutia saini palipoandikwa saini, na tarehe ya kuzaliwa palipoandikwa tarehe. Yake ni mosi Januari. Ya rafiki yake Ghalia ni mosi Januari, na za wenzao wengi pia, kwa kuwa walipofika Uingereza na kuulizwa walizaliwa siku gani, walichojua wao ni kwamba ulikuwa msimu wa karafuu, na karatasi ya uhamiaji haikuwa na nafasi ya msimu wa karafuu. "Sisi sote mapacha," Ghalia hupenda kusema. "Mama yetu alikuwa na kazi siku hiyo."

Ile karatasi nyingine, ya kutia alama, akina mama huiacha tupu. Mzee Hafidh huenda nayo kwake, akaijaza, akaifunga, akaipeleka posta pamoja na za nyumba zote za jumuiya yao. Ndivyo alivyokuwa akifanya Asad kabla yake, Mungu amrehemu, alipokuwa mwenyekiti, na hakuna aliyeona ubaya. Walikotoka, kura haikuwa jambo la mtu mmoja. Kule Pemba walipiga kura pamoja, wakala virungu pamoja, na ile Januari ya mwaka elfu mbili na moja wakakimbia pamoja mpaka Shimoni, pwani ya Kenya, wengine bila viatu. Aliyejitenga na wenzake hakuendewa harusini wala matangani. Walipofika London na kugawiwa fleti katika maghorofa haya, umoja ule ndio kitu pekee walichokuwa nacho ambacho hakuna aliyewataka wakieleze.

"Safari hii kura ni moja tu, tena si ya mtu," alisema Mzee Hafidh, akishusha kikombe. "Ni kura ya maoni. Unakumbuka kule nyumbani mwaka elfu mbili na kumi, walipoulizwa wanataka serikali ya umoja au hawaitaki? Basi ni mambo kama yale. Hawa wanauliza kaunsili yetu ya mtaa iendeshwe vipi."

"Wanauliza nini hasa?"

"Iendeshwe na meya anayechaguliwa na watu, kama ilivyo sasa, au meya aondoke ziwepo kamati za madiwani. Sisi tunatia kwa meya."

"Kwa nini?"

Mzee Hafidh alimtazama. Hakumtazama kwa ukali, ila kama mtu aliyeulizwa kwa nini sambusa ina pembe tatu.

"Kwa sababu meya tumeshakaa naye kitako. Ametuahidi ukumbi, shemeji. Ukumbi wetu wenyewe, wa madrasa, wa harusi, wa kukalia matanga bila kuomba ruhusa ya mtu. Zikija kamati tutaanza upya kubisha mlango kwa mlango."

"Na wanaozitaka hizo kamati, wao wanasemaje?"

"Sasa hao wanatuhusu nini?"

Bi Mwanamwema alikuwa mtu wa kusikiliza zaidi kuliko kusema. Alisoma skuli ya msingi tu, pale Wete, na Kiingereza chake alikipata jikoni, miaka aliyopika chakula cha watoto wa skuli. Lakini jambo likishamwingia halimtoki. Siku chache nyuma, katika darasa la wanawake msikitini, maalim alisema kwamba kura ni ushahidi, na shahidi ataulizwa aliona nini. Maneno hayo alirudi nayo nyumbani, akapika nayo, akafua nayo, akasali nayo. Yeye miaka yote hiyo aliona nini? Aliona kalamu ya Asad, kisha akaona kalamu ya Hafidh.

"Yangu iache kwanza," alisema. "Nitaitazama."

"Utaitazama."

"Ndiyo, shemeji."

"Marehemu asingesema hivyo."

"Marehemu alikuwa akiisoma kabla hajaijaza. Nilikuwa namwona, miwani ikimshuka puani. Mimi ndiye ambaye sijaisoma hata mara moja."

Kikombe cha pili Mzee Hafidh hakukimaliza. Alivaa viatu akiwa ameegemea ukuta, akasema kwa upole uliomuuma Bi Mwanamwema kuliko hasira, "Usije ukatugawa, shemeji. Tuko wachache."

Basi Bi Mwanamwema alijua akina mama watamnunia. Alijitayarisha kununiwa; alijua namna yake, kule kwao aliwahi kuona nyumba nzima ikikosa salamu kwa mwaka. Lakini haikuwa hivyo. Kesho yake adhuhuri Ghalia alikuja, amevaa fulana yake ya kazi. Ghalia ni mwembamba, mdomo hauko mbali na utani, na kazi yake ni kutunza wazee majumbani mwao: anamwogesha huyu, anamlisha yule, anadandia basi kwenda kwa wa tatu, tangu alfajiri mpaka giza.

"Nimesikia umemkatalia mwenyekiti," alisema, akijitupa kwenye kochi.

"Sikumkatalia. Nimemwambia nitaitazama."

"Kwa Hafidh hayo ni mapinduzi." Akafungua mkoba, akatoa bahasha. "Haya, na yangu ishike wewe. Nimeshatia saini. Utakavyoona ndivyo hivyo."

"Ghalia, mimi sijui kitu."

"Unamjua Mungu. Hafidh anaujua ukumbi. Mimi nimechagua."

Baada ya Ghalia akaja Malak, mama wa watoto wanne wa ghorofa ya chini, naye akaiacha yake. Wakaja wengine, mmoja mmoja, kama watu wanaoleta sahani za futari. Huyu anasema, wewe umehiji. Yule anasema, wewe huna dhuluma. Mwengine hakusema kitu, alimbusu mkono akaondoka. Baadhi walikuwa wameshampa Hafidh zao, wakasikitika.

Na hapa isemwe kweli: Bi Mwanamwema alifurahi. Tangu afe mumewe hakuna aliyemwuliza neno la maana zaidi ya namna ya kulainisha nyama. Alizichukua zile bahasha, akazipanga, akaziweka kabatini chini ya sanda yake, ile aliyorudi nayo kutoka Makka imekoshwa kwa maji ya Zamzam. Hapo hapana mkono wa mtu mwengine unaofika. Amana ni amana, alijiambia, na kwanza niijue kazi niliyopewa.

Jirani yake wa mlango wa pili, Blandina, Mngoni wa Songea na Mkatoliki wa kweli kweli, mjane kama yeye, alikuwa na karatasi ya kuwaalika watu kwenye mkutano wa kura hiyo. Wanawake hawa wawili hupelekeana vyakula Idi na Pasaka, na hupeana zamu ya kuita fundi lifti ikikwama. Wakaenda pamoja mpaka maktaba ya mtaa, wakakaa nyuma.

Upande wa meya alisimama mwanamke wa makamo. Alisema, mtu mmoja mnamjua kwa jina na kwa sura. Akikosea mnajua nani wa kumng'oa. Kamati hazina sura, lawama inazunguka mezani mpaka inapotea. Bi Mwanamwema akaitikia kwa kichwa. Ni kweli.

Upande wa kamati alisimama mzee wa Kiingereza mwenye fimbo. Alisema, kile kituo cha wazee cha karibu na kituo cha treni kilifungwa kwa saini moja. Madiwani wetu, watu tuliowachagua wa mtaa huu huu, walisoma habari gazetini kama sisi. Kama ingekuwa kamati, mmoja wao angesimama aseme ngojeni kwanza.

Bi Mwanamwema hakuitikia kwa kichwa. Kituo kile alikijua. Asad alikuwa akienda pale kucheza dama na Wajamaika wawili, na kila Alhamisi akirudi nyumbani kuilalamikia supu. Kilipofungwa, akabaki na dirisha. Mtu hufa siku yake iliyoandikwa ikifika, hilo hakuwa na shaka nalo, lakini ile miezi ya dirishani nani aliiandika? Alikuwa hajui mpaka leo kwamba ilikuwa saini ya mtu.

Wakirudi nyumbani, Blandina akauliza, "Umeamua?"

"Kamati."

"Mimi meya. Mwenzangu, wewe hujakaa kwenye kamati. Kule parokiani tuna kamati ya maua. Tulibishana Kwaresima nzima, Pasaka ikafika hakuna hata ua."

"Hata sisi. Pilau ya hitima tulikaa vikao vitatu nani apike."

"Akapika nani?"

"Mimi."

"Basi meya ni wewe," Blandina alisema, na wakacheka mpaka mwenye mbwa mbele yao akageuka.

Asubuhi ya pili, baada ya sala ya Dhuha, Bi Mwanamwema alifungua kabati, akatoa bahasha, akazitandaza juu ya meza ya kulia. Ya juu ilikuwa ya Ghalia. Akaifungua. Karatasi ilikuwa na swali moja na visanduku viwili. Alilisoma polepole kwa kidole, akaridhika kwamba analielewa. Akasema Bismillahi, akatia msalaba mdogo kwenye kisanduku cha kamati. Haukuchukua muda wa kumeza mate.

Akafungua ya pili, ya Malak. Akaweka kalamu juu ya karatasi. Na mkono ukasita.

Alikuwa anajaribu kukumbuka Malak anataka nini. Alijua Malak hali binzari. Alijua mwanawe wa pili ana pumu. Lakini jinsi Malak angependa kaunsili iendeshwe, hilo hakulijua, na lililomshtua ni kwamba halikumpitia kichwani kuuliza. Akaitazama tena ile ya Ghalia. Saini ya Ghalia ilikuwa pale, kubwa, imeinama kushoto. Ghalia ametoa ushahidi, na hakuona kitu. Aliyeona ni Mwanamwema, na alichokiona ni mumewe dirishani.

Aliinuka, akapiga simu kwa bintiye Zahra, anayefanya kazi ofisini mjini. Zahra anakielewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na siku hiyo alijibu kwa kasi. Mama, hilo ni kosa la sheria. Humjazii mtu kura yake. Watu wanapelekwa mahakamani kwa jambo hilo. Umejaza ngapi?

"Moja."

Zahra akasema, ichane. Mwambie Ghalia imepotea.

"Itapotea vipi, nayo ninayo mkononi?"

Mama, tafadhali.

"Nimekusikia, mwanangu. Kazi njema."

Aliziweka zile tupu kando. Ile iliyojazwa akaitia mkobani, akavaa buibui, akaenda kumsubiri Ghalia chini ya jengo lake. Ghalia alikuja na mfuko wa mihogo ya soko la Lewisham, na Bi Mwanamwema hakumwacha hata aitue.

"Nimekujazia kura yako. Nimekukosea. Nakuomba radhi."

Ghalia akacheka. "Kwani si nilikupa uijaze? Umeniogopesha, nilidhani kuna mtu amekufa. Haya, umetia wapi?"

"Kwenye kamati."

Kicheko kikakatika. Ghalia akaiweka mihogo chini.

"Kamati? Mwanamwema, mimi ni mtu wa meya."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza? Wewe unajua zamani sisi tulikuwa hatulipwi saa za njiani. Ukitoka kwa mgonjwa huyu kwenda kwa yule, basi likichelewa ni lako na Mungu wako. Meya huyu ndiye aliyewalazimisha wenye kampuni kutulipa zile saa. Mtu mmoja, alikataa kutia saini mkataba mpaka wakubali. Madiwani walikuwa wanajadiliana tangu wajukuu wangu hawajazaliwa."

"Sikulijua hilo."

"Ndiyo hukulijua."

Walisimama pale mlangoni, watu wakiwapita na mifuko yao. Bi Mwanamwema alikuwa anafikiri: saini moja imemfungia Asad mlango, na saini ya mkono ule ule imempa Ghalia haki yake. Hakujua afanye nini na jambo hilo.

"Lakini na wewe ulinipa tupu," alisema mwisho.

"Nilikupa tupu." Ghalia akashusha pumzi. "Nilidhani wewe unajua."

"Na mimi nilidhani najua."

Kumbe ipo dawa. Blandina aliwaambia: karatasi ikiharibika, ipeleke ofisi ya uchaguzi kabla ya siku yenyewe, wanaifuta na kukupa nyingine. Kwenye basi, Ghalia alikuwa ameshapanga maneno.

"Nitawaambia imeharibika. Huo si uongo. Haijaharibika?"

"Imeharibika."

"Basi. Mimi nitasema, wewe utakaa na sura yako hiyo ya Ijumaa. Wakijua umeijaza wewe, utakuja kupelekewa polisi mlangoni, na Zahra ataniua mimi."

Bi Mwanamwema alikuwa akivuta tasbihi ndani ya mfuko wa buibui.

Ofisini walipokewa na bwana mmoja wa Kisikh mwenye kilemba cha buluu na jina kifuani, Ravinder. Aliipokea karatasi kwa adabu, akaigeuza, akaisoma, akamtazama Ghalia. Akauliza kwa Kiingereza cha pole, imeharibika vipi? Mbona naiona ni safi?

"Alama imeingia mahali si pake," alisema Ghalia.

Nani aliitia?

Ghalia akafungua mdomo. Kabla hajatoa neno, Bi Mwanamwema aliona yote mawili: barua ya mahakama juu ya zulia lake, na Ghalia akisema uongo kwa ajili yake, baada ya yeye kumnyang'anya neno lake mara moja tayari.

"Mimi," alisema. Kiingereza cha jikoni kilimtosha. "Nimeitia mimi. Yeye hakuniambia niitie hapo. Nimefanya vibaya."

Ravinder aliweka kalamu mezani. Hakupandisha sauti. Alieleza kwamba hilo halimo katika mambo anayoweza kuyanyamazia. Ataliandika, na wakubwa wake wataamua waandike barua au waache. Kisha akauliza kama ziko nyingine.

"Ziko. Tupu zote. Kesho zinarudi kwa wenyewe."

Na utaratibu huu wa kukusanya, mama, nani aliwafundisha?

Hapo Ghalia akamshika kiwiko. Bi Mwanamwema alimwona Hafidh akivaa viatu ameegemea ukuta, na uzee wake, na ukumbi wake aliokuwa akiuota. Akatafuta jibu ambalo angeweza kulisimamia siku ya kuulizwa, na lilikuwepo.

"Mume wangu," alisema. "Ameshatangulia mbele ya haki."

Ravinder akainama akaandika. Halafu akampa Ghalia karatasi mpya na kumwonyesha meza iliyoko pembeni, na akamwomba Bi Mwanamwema akae benchi la mbali, atazame upande wa pili. Alikaa, akatazama ukuta, kama mtoto aliyetiwa adabuni, na ndani ya moyo wake aliona ni haki.

Jioni hiyo hiyo alimpigia simu Mzee Hafidh. Hakumzungusha.

"Nimeulizwa nani alianza kukusanya, nikamtaja Asad. Wewe sikukutaja. Lakini nikiulizwa moja kwa moja, shemeji, sitasema uongo. Kesho akina mama wanakuja kuchukua zao. Nakuomba na ulizonazo uzilete."

Mzee Hafidh akakata simu.

Akina mama walikuja baada ya Adhuhuri. Bahasha zilikuwa juu ya sinia, kila moja na jina lake. Hawakufurahi. Mmoja alisema, "Yaani umetutupa." Malak alisema yeye hana hata nafasi ya kukata kucha, atajifunza mambo ya kamati saa ngapi?

"Sasa hivi," alisema Bi Mwanamwema. "Kaa."

Akawaeleza maneno ya yule mzee mwenye fimbo, na habari za kituo kilichofungwa. Alisema yeye moyo wake uko kwenye kamati na kwa nini, akamtaja Asad. Kisha akamwambia Ghalia aseme ya meya, naye Ghalia akasimama katikati ya zulia akasema habari za saa za njiani kwa maneno makali mpaka wengine wakapiga makofi. Mmoja akauliza, "Sasa ipi ya kweli?"

"Zote mbili," alisema Bi Mwanamwema. "Ndiyo maana siwezi kukujazia."

Hodi ikapigwa. Alikuwa Mzee Hafidh, na mfuko wa plastiki wa dukani wenye zile bahasha alizokusanya, bado hajazijaza. Aliutua karibu na sinia bila kumtazama mtu, akabaki amesimama.

"Nyinyi mnaona mmefanya jambo kubwa," alisema. "Mimi nilikuwepo kule. Tulipona kwa sababu tulikuwa kitu kimoja. Siku kila mtu atakapokwenda na lake, huyo meya, hizo kamati, nani atatuona? Mtu mmoja mmoja haonekani hapa."

Hata Ghalia hakuwa na utani. Bi Mwanamwema alijua kwamba maneno yale yana uzito, na kwamba yametoka kwa mtu aliyewazika wenzake kwa mikono yake.

"Kule tulikuwa tunajua tunachokitaka, shemeji," alisema. "Kila mmoja alikijua, hata watoto. Ndiyo maana tulikuwa kitu kimoja. Hapa tunajua tu wewe unataka nini. Waambie habari za ukumbi. Waambie wenyewe, wasikie kwako. Pengine watakukubali."

Mzee Hafidh alikaa. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, akaanza kwa shingo upande, lakini alipofika kwenye habari za msiba wa mwaka jana, walivyomkalia mwenzao tanga kwenye ngazi kwa kukosa nafasi, akawa anaongea kama mtu anayeomba, na baadhi ya akina mama wakafuta macho. Hakuwahi kuwaomba kabla. Hakuwa na sababu.

Kisha wakatafuta kalamu, na ikawa shida nyengine: fleti ya vyumba viwili, na kila mmoja anataka asionekane. Malak alikwenda jikoni akaandikia juu ya jokofu. Mmoja akajifungia chooni. Mwengine aliketi chini nyuma ya kitanda cha Bi Mwanamwema, miguu tu inaonekana. Wawili waligombea kibaraza cha nje, penye baridi, mwishowe wakasimama wamepeana migongo. Mmoja alisema hajaelewa bado, akaitia bahasha yake mkobani akaondoka nayo, na hakuna aliyemzuia.

"Nyumba yako imekuwa mtihani wa darasa la saba," alisema Mzee Hafidh, aliyebaki sebuleni pamoja na Ghalia.

"Na wewe ndiye msimamizi, usiibie," Ghalia akamwambia. "Umeshajaza yako?"

"Zamani."

"Basi kunywa chai."

Bi Mwanamwema alitoa ya kwake. Akatafuta pembe katika nyumba yake mwenyewe, akakosa. Akafungua mlango, akatoka nje kwenye ngazi. Alikuwa ameamua tangu maktaba. Angeweza kutia alama pale pale kwa kuegemea ukuta na kurudi ndani. Lakini sasa kulikuwa na saa za Ghalia, na tanga lililokaliwa ngazini, ngazi kama hizi hizi, na dirisha la Asad halikuondoka pia. Hapakuwa tena na Asad wa kutazamwa, miwani ikimshuka.

Simenti ilikuwa baridi. Akalikunja buibui chini yake, akakaa, akaisoma karatasi tangu mwanzo, neno kwa neno, kidole kikifuata. Lifti ikapanda, ikashuka, hakuinua kichwa. Alikaa hapo mpaka akajua, na alipojua akatia alama.